Ushirika wa Elimu: Je, Yafaa Mwanafunzi Kumshauri Mwalimu Wake?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na kalamu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hata Siku ya Malipo. Amma baad:

SABABU YA KUANDIKA MANENO HAYA

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumekaa barazani, Kariakoo, si mbali na Msikiti wa Mtoro, pakazuka mabishano baina ya wazee wawili. Mmoja wao ana duka la vitambaa, na mwanawe yu mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha mji huu, ambacho sina haja ya kukitaja jina. Kijana huyu alikuwa amemweleza babake ya kwamba yeye na wenziwe wamemwandikia barua mkuu wa idara yao, wakisema kuwa somo moja hawalifahamu. Mwalimu wake huwasomea makaratasi yale yale aliyowasomea waliotangulia miaka mingi, na wanafunzi huyanakili na kuyarithishana, ndiyo hayo wayaitayo madesa. Nao waliomba wakae pamoja na mwalimu, watazame namna ya kulitengeneza somo hilo.

Mzee yule alighadhibika sana. Akasema: "Mimi nimempeleka akasome, sikumpeleka akamfundishe mwalimu. Zama zetu, mwanafunzi akimtazama mwalimu usoni huhesabiwa hana adabu."

Mzee wa pili akamjibu: "La, ndugu yangu. Ada si tunatoa sisi? Mwenye kulipa ndiye mwenye neno. Fundi wa nguo akiharibu kanzu yako, huendi kwa fundi mwingine? Na mwalimu ni vivyo hivyo."

Kisha wakanigeukia mimi wakasema: "Wewe Shekhe wasemaje?" Nami nikawaambia kuwa suali hili si la kujibiwa kwa neno moja la barazani, nikawaahidi kuliandika. Basi haya ndiyo niliyoyaandika, na kupatia kumetoka kwa Mwenyezi Mungu, na kukosea kumetoka kwangu.

SUALI

Je, mwanafunzi ana haki ya kutia neno katika namna anavyofundishwa? Na akiwa nayo, haki hiyo ameipata wapi, na mpaka wake ni upi?

NENO LA MZEE WA KWANZA

Mzee wa kwanza ameshika jambo la haki, nalo ni adabu. Elimu bila ya adabu ni kama taa mkononi mwa mwizi: yamwonyesha njia ya kuiba. Maimamu wetu walikuwa na adabu kubwa mno kwa waalimu wao. Imepokewa ya kwamba Imamu Shafi, Mungu amrehemu, alipokuwa akisoma mbele ya Imamu Malik huko Madina, alikuwa akizifunua kurasa polepole, asipende mwalimu wake asikie hata mshindo wa karatasi.

Lakini tazama, ewe msomaji, mtu huyu huyu aliyekuwa akiogopa mshindo wa karatasi alifanya nini baadaye. Alikhitilafiana na Imamu Malik katika mas'ala mengi, akayaandika wazi, akatoa dalili zake, wala hakuacha kumtukuza mwalimu wake mpaka alipokufa mwaka 204 wa Hijra. Heshima na kukosoa vilikaa katika kifua kimoja, na kimoja hakikumfukuza mwenziwe. Lau adabu ingalikuwa ni kunyamaza tu, basi sisi watu wa pwani leo tusingalikuwa na madhehebu ya kuyafuata.

Na madhehebu yetu yenyewe yamefika kwetu kwa mikono ya nani? Yamefika kwa mikono ya wanafunzi. Imamu Shafi alikuwa na kauli zake za zamani alizozisema Iraki, na kauli zake mpya alizozisema Misri. Waliozihifadhi zile za Misri, wakazipanga, wakazifupisha, wakazieleza, ni wanafunzi wake: Rabii bin Sulayman, na Muzani, na Buwayti. Na yeye mwenyewe Shafi alikuwa akisikitika juu ya Layth bin Saad, mwanachuoni mkubwa wa Misri, akiona kuwa elimu yake ya fiqhi ilikuwa kubwa kupita ya Malik, ila wanafunzi wake hawakuisimamia, ikapotea. Zingatia sana jambo hili. Mwalimu alikuwa bahari, lakini kwa kuwa wanafunzi hawakutimiza fungu lao, bahari ile ilikauka. Basi vipi tutasema ya kwamba mwanafunzi hana fungu?

Huenda mtu akasema: "Je, kisa cha Nabii Musa na Khidhri katika Sura ya Kahf? Khidhri hakumshurutiza Musa asimuulize neno?" Jawabu yake ni kuwa mambo ya Khidhri yalikuwa ni elimu ya ghaibu aliyopewa na Mola wake, wala si hesabu, wala si sheria, wala si utabibu. Mwalimu wa hesabu hana elimu ya ghaibu. Na juu ya hayo, Khidhri hakuagana na Musa mpaka amemfasiria mambo yote matatu, moja baada ya moja. Hata yeye aliona kuwa mwanafunzi hastahiki kuondoka na kiza moyoni.

NENO LA MZEE WA PILI

Mzee wa pili naye ameshika jambo, nalo ni kuwa mwanafunzi na babake wametoa mali yao, na mali ya Mwislamu haitupwi bure. Lakini amekosea alipomfanya mwanafunzi kuwa mnunuzi.

Ninyi wafanya biashara mnajua vizuri kuliko mimi. Mtu akija dukani kununua kitambaa, hukishika kwa vidole, hukitazama kwenye mwanga, hukipima kwa dhiraa au kwa mita, ndipo akatoa fedha. Na katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa haisihi kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Sasa niambieni, anayekwenda kununua elimu amekwisha kuiona? Lau angaliiona na kuijua, asingaliihitaji. Yeye huijua thamani yake baada ya kuipata, na mara nyingi baada ya miaka kumi. Basi huyu hawezi kuwa mnunuzi, kwani hakijui anachokinunua.

Ujira wa mwalimu ni halali, na sisi waalimu twala kwa ujira huo. Lakini ule ni ujira wa wakati wake na taabu yake. Elimu yenyewe haikatwi bei. Na mwalimu akijiona ni muuza duka, atafanya afanyavyo muuza duka: atawapa watu wakipendacho. Atawapunguzia kazi, atawaongezea alama, atawachekesha, nao watatoka wameridhika na vichwa vitupu. Tabibu aliyesoma kwa namna hii atakuja kumpasua mama yako. Injinia aliyesoma kwa namna hii atakuja kulisimamia ghorofa lililo juu ya duka lako. Hapo ndipo utakapojua bei ya kuridhishwa.

JAWABU YANGU

Nasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye taufiki: mwanafunzi ni mshirika. Na ili tusilitumie neno hili ovyo, kama wanavyolitumia watu siku hizi, na tulirudishe kwenye mlango wake katika vitabu vya fiqhi, tuone ushirika ni nini. Sitoi hukumu ya kisheria hapa, kwani elimu si mali ya kuchanganywa sandukuni. Nachukua mfano tu, na mfano huu mwenye duka ataufahamu upesi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, ushirika unaosihi ni ule uitwao inani. Watu wawili wanaochanganya maneno matupu na majina yao makubwa hawana ushirika. Wachukuzi wawili wakiahidiana tu kuwa watakachokipata kwa migongo yao watagawana, huo pia kwetu hausihi. Kila mmoja ana ujira wake. Ushirika wa haki una nguzo zake, nami nitazitaja nne.

Ya kwanza ni mtaji. Kila mmoja alete mali yake, kisha zichanganyike hata isijulikane hii ya nani na hii ya nani. Asiyeleta kitu si mshirika. Mtaji wa mwalimu ni elimu yake, na matayarisho yake ya kila siku, na subira yake. Mtaji wa mwanafunzi ni kuhudhuria, na kudurusu kabla ya kuja, na kusema kweli juu ya alichokifahamu na asichokifahamu. Vikichanganyika hivi viwili, hupatikana kitu kimoja kiitwacho ufahamu, wala hapana awezaye kukipambanua kuwa nusu hii ni ya mwalimu na nusu hii ni ya mwanafunzi.

Ya pili ni idhini. Mshirika hafanyi kazi katika mali ya ushirika ila kwa idhini ya mwenziwe. Mwanafunzi ambaye hakupewa idhini ya kusema, hata akiwa na la kusema, hawezi kulisema. Na idhini hii ni juu ya mwalimu na juu ya chuo kuitoa, iwe ni idhini ya kweli.

Ya tatu ni kuwa faida na khasara hugawanywa kwa kadiri ya mitaji. Hapa ndipo ulipo mpaka aliouulizia suali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana neno zito sawa na mwalimu aliyeisoma fani yake miaka thelathini, kwani mtaji wake ni mdogo. Lakini kuwa mdogo si kuwa sifuri. Na liko jambo moja ambalo katika hilo mtaji wa mwanafunzi ni mkubwa kuliko wa mwalimu, nalo ni khabari ya kuwa somo limeingia au halikuingia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwalimu ajua alichokisema. Kilichofika, ajuaye ni aliyefikiwa.

Ya nne ni amana. Mkono wa mshirika juu ya mali ya ushirika ni mkono wa amana. Mwalimu aingiaye darasani hakutayarisha kitu amekhini. Na mwanafunzi aibaye mtihani, au ampaye mtu fedha amwandikie utafiti wake kisha akatia jina lake, naye amekhini. Na mwenye kukhini hana uso wa kudai hesabu ya duka.

KISA CHANGU MWENYEWE

Sipendi kuwaandikia wenzangu juu ya makosa ya waalimu nikajificha mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha faraidhi, elimu ya mirathi, baada ya sala ya Alasiri. Tulipofika mlango wa auli, pale mafungu yanapozidi mali, kijana mmoja akasimama, akasema kwa upole: "Shekhe wangu, tangu juzi hatufahamu. Sote twaitikia tu." Wenziwe wakainamisha vichwa, hapana aliyemuunga mkono. Mimi nikaona amenifedhehesha. Nikamwambia: "Wewe ndiwe usiyefahamu, usiwasingizie wenzio. Toka." Akatoka, wala hakurudi tena.

Ikapita miaka. Akafa mtu mmoja mwenye nyumba hapa mjini, akaacha mke, na mabinti wawili, na baba, na mama. Warithi wakaenda kwa mmoja wa wanafunzi wangu wale, kwani walijua amesoma kwangu, awagawie. Akampa mke thumni yake kamili, na baba sudusi yake, na mama sudusi yake, na kilichobaki akawapa mabinti wale wawili. Jambo likaletwa kwangu kwa kuwa mama wa mayatima mwenyewe, Mungu amlipe kheri, aliona moyoni mwake kuwa wanawe wamepunjwa.

Na kweli walikuwa wamepunjwa. Mas'ala haya ni mashuhuri. Asili yake ni 24: mke ana 3, mabinti wana 16, baba ana 4, na mama ana 4. Ukijumlisha ni 27, yamezidi. Basi mali hugawanywa mafungu 27, na upungufu humwingia kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Mke hupata 3 katika 27, yaani thumni yake imekuwa tusui. Yeye aliwatwika mayatima upungufu wote. Nikawaita wenziwe wawili waliosoma pamoja naye, nikawapa mas'ala yale yale. Mmoja akanijibu kama alivyojibu yule, na wa pili akasema hajui. Hapo nikajua ya kuwa kijana niliyemfukuza alikuwa amesema kweli peke yake, na wengine walikuwa wakiniitikia.

Nikamtafuta, nikamkuta Mtaa wa Kongo akiuza nguo. Nikamtaka radhi mbele ya watu. Akanishika mkono akasema: "Shekhe, mimi nilikwisha samehe zamani. Lakini mlango ule mpaka leo siujui."

Ndugu zangu, maneno yale hayajanitoka moyoni. Yeye alileta mtaji wake, nao ni ukweli, nami niliutupa njiani. Khasara yake ilitaka kulipwa na mayatima.

KHABARI YA CHUO KIKUU KILICHOANZA MTAANI KWETU

Wako wasemao kuwa mambo haya ni ya Wazungu. Si hivyo, yamepita hapa hapa kwetu. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka ile palitokea mambo matatu yanayotufaa kuwa mazingatio.

La kwanza ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mshahara katika muda ule. Rais Nyerere akawafukuza karibu wanafunzi 400 warudi makwao. Lakini siku ile ile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kumlaumu kwa ukali wake au kumsifu; mimi natazama jambo moja tu. Wanafunzi walikuwa wakitaka neno bila ya kutoa mtaji, naye aliona kuwa hawezi kuwadai wao mtaji na wake ameufungia kabatini.

La pili ni la Julai 1971. Kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, mtu wa Kenya, alikamatwa na askari akaondoshwa chuoni, baada ya wanafunzi kuandika waraka wa wazi wakilalamika kuwa mambo ya chuo hukatwa bila ya wao kushauriwa. Wanafunzi wakasusia masomo, na waalimu wengi wakasimama upande wao. Hapo hapakuwa na waalimu upande huu na wanafunzi upande ule. Waliona kuwa chuo ni chao wote. Na baada ya msukosuko ule nafasi ya wanafunzi katika vikao vya chuo ilipanuka kuliko ilivyokuwa kwanza.

La tatu halikuwa na askari wala mgomo, na kwangu mimi ndilo kubwa. Alikuwako katika chuo kile mwalimu wa tarikhi kutoka Guyana, jina lake Walter Rodney. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, kitabu ambacho hata leo chasomwa dunia nzima. Kabla ya kukitoa, aliwapa mswada wake vijana wawili walioinukia katika chuo hicho hicho, Karim Hirji na Henry Mapolu, wausome kwa jicho la kukosoa. Na katika dibaji akawashukuru kwa majina yao. Hakuwa Mwislamu, lakini hekima huokotwa popote ilipo. Mwalimu mwenye jina kubwa aliwapa vijana kalamu wamtie alama makosa yake, na jina lake halikupungua. Sisi tunaojua kisa cha Rabii na Muzani, je, si aibu tukashindwa na hili?

Leo mambo yamebadilika kwa sura. Jumuiya za wanafunzi zipo, wawakilishi wao huingia vikaoni, na mwisho wa muhula wanafunzi hupewa fomu wampime mwalimu. Lakini vijana wanaokuja darsani kwangu hunambia kuwa wengi huijaza fomu ile kwa khofu, wakaandika kila kitu ni chema. Au kwa kisasi, wakaandika kila kitu ni kibaya. Na wajazapo kwa kweli, hawaoni kilichobadilika wala hawapewi jawabu. Hiyo si idhini. Barua inayotiwa katika sanduku lisilofunguliwa, hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu, haina tofauti na kunyamaza.

JE, MWANAFUNZI AKISHAURI AKAKOSEA?

Hili ndilo suali la mwisho la wenye kukataa. Husema: "Vijana hawajui, tukiwasikiliza watatuharibia."

Jawabu yake tunayo katika sira ya Mtume wetu, Mungu amrehemu na ampe amani. Siku ya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, rai yake ilikuwa ni kukaa Madina wapigane wakiwa mjini. Vijana, na wengi wao hawakuwahi vita vya Badri, wakataka kutoka nje wakapambane. Akawafuata. Yakatokea yaliyotokea, wakafa masahaba wapatao sabini, na yeye mwenyewe akajeruhiwa usoni. Lau pangalikuwa na siku ya kufutwa mashauri, ingalikuwa ni siku ile. Na aya iliyoshuka baada yake, katika Sura ya Al Imran, ilimwamrisha awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Shauri halikuondoshwa kwa kuwa lilileta maumivu. Liliamrishwa na kidonda bado kibichi.

Na namna ya kushauri tumeonyeshwa na Hubab bin Mundhir siku ya Badri. Imesimuliwa katika sira kuwa alipoona mahali walipotua jeshi, alitangulia kumuuliza Mtume: je, hapa ni mahali alipoamrishwa na Mola wake, pasipo na ruhusa ya kusogea, au ni rai ya vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, ndipo alipotoa shauri la kusogea mbele kwenye visima, nalo likafuatwa. Mwanafunzi na ajifunze hapa. Kwanza aulize, kisha apambanue. Liko ambalo halishauriwi: kweli ya elimu haipigiwi kura, wala alama za mtihani haziombwi, wala halali na haramu hazibadilishwi kwa wingi wa mikono. Na liko lililo rai: wakati wa somo, na mpango wake, na lugha ya kulielezea, na mifano, na vitabu vya kuanzia, na namna ya kuzoeza. Katika hayo mwenye macho na aseme.

KHATIMA

Sasa narudi kwa wazee wangu wawili, na kwa kijana mwenye barua.

Kwa kijana nasema: umepatia katika jambo lako, umekosea katika njia yako. Ungalimwendea mwalimu wako kwanza, faraghani, wewe na wenzio wawili watatu, kabla ya kumwandikia mkuu wake; kwani mshirika hamshtaki mwenziwe kabla ya kukaa naye hesabu. Na utakapokwenda, nenda na mtaji: uwe umehudhuria, umesoma, na waweza kuonyesha mahali hasa panapokushinda. Asiyehudhuria hana la kusema juu ya somo.

Kwa mwalimu wake, nisiyemjua, nasema kama anavyosema aliyekwisha kuungua: ukija kuambiwa na mwanafunzi kuwa hawafahamu, mshukuru Mungu kabla hujakasirika. Wale wanaokuitikia ndio wa kuwaogopa. Kaa nao, wape idhini, kisha wape jawabu. Likubali la kukubalika, na lisilokubalika waeleze sababu yake, kama Khidhri alivyomweleza Musa.

Kwa mzee wa pili nasema: ada yako ni sadaka kwa mwanao na haki ya chuo juu yako, lakini haikununulii kitu kilichokwisha tengenezwa. Imempeleka mwanao kwenye duka la ushirika. Muulize kila jioni ametia nini humo, kabla ya kumuuliza amepata nini.

Na kwa mzee wa kwanza, rafiki yangu wa tangu utotoni, nasema: mimi na wewe tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukapigwa fimbo moja, tukaitikia pamoja. Tulipenda waalimu wetu, nasi bado twawaombea rehema. Lakini nikumbushe, je, hapakuwa na milango tuliyoitikia ambayo mpaka leo hatuijui? Usimlaumu mwanao kwa kusema neno ambalo mimi na wewe tulilimeza.

Ewe Mwenyezi Mungu, tupe elimu yenye manufaa, na mioyo inyenyekeayo, na ndimi zisemazo kweli kwa upole. Na utusamehe sisi waalimu wale tuliowatoa milangoni hali wamekuja na haki. Wabillahi taufiki.